Kozi Aliyegeuka Kuku

Picha iliingia kwenye simu ya Mwenyekiti katikati ya mkutano, naye akanyamaza kabisa, jambo ambalo kwa wakili si dogo. Aliilaza simu juu ya matairi yaliyopangwa kuwa meza, wanachama wakainamisha vichwa kuitazama, na chumba cha nyuma cha duka la matairi kikajaa miguno ya watu waliofiwa.

Klabu ile ilikuwa ya watu wa gari la aina moja tu. Gari lenyewe liliitwa Kozi, na ndege kozi wa chuma alikaa mbele kwenye boneti, mabawa kayalaza nyuma, mdomo kautanguliza. Lilikuwa na milango miwili na viti viwili. Lilikaa chini kiasi kwamba aliyemo ndani huona visigino vya wapita njia, na mngurumo wake asubuhi ulitosha kuwagombanisha majirani. Asiyependa magari atasema watu wazima wale walikosa kazi. Mwache aseme. Na yeye ana lake analolipenda, na hatujamuuliza.

Sasa kwenye picha alikuwepo ndege yuleyule, lakini nyuma yake lilisimama gari refu la kwenda juu, lenye milango ya kuteleza ubavuni na viti saba. Kiwanda kilikuwa kimeamua kutengeneza gari la familia. Turbo, kijana muuza simu, mdogo kuliko wote klabuni na mwenye mdomo kuliko wote, alilitazama, akacheka bila furaha, akasema kozi kageuka kuku. Jina likanasa palepale. Mpaka mkutano unakwisha hakuna aliyeliita gari lile kwa jina jingine ila Kuku.

Mwenyekiti alisimama, akajikohoza kama vile yuko mbele ya jaji. "Wahenga walisema, kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda," alianza, kisha akafafanua, utadhani walikuwa watoto wa chekechea, kwamba kozi wa kweli yu radhi alale na njaa kuliko kudonoa punje uani pamoja na kuku. Kiwanda kilikuwa kimeona njaa kikaogopa. Klabu haitaogopa. Mkutano ujao alitaka wapitishe azimio kwamba Kuku hatakanyaga klabuni, na zaidi ya yote hatapanda Mlima. Watu walipiga makofi hadi mwenye duka akachungulia kuona kuna nini.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Alikuwa mke wa mwenye duka la vioo, mkunga wa hospitali, mama wa makamo mwenye sauti ya chini isiyopanda hata nyumba ikiungua. Alikuwa amekaa karibu na mlango, fimbo yake kaiegemeza ukutani, na ile picha alikuwa ameitazama kwa muda mrefu kuliko wengine.

Ili ijulikane aliona nini, lazima kwanza Mlima ujulikane. Mara moja kwa mwaka manispaa iliwafungia barabara inayozunguka mlima hadi kwenye tangi la maji, na Kozi mmoja mmoja alipanda mbio akihesabiwa muda. Ndani ya kila gari walikuwa wawili: dereva, na wa kiti cha pili, ambaye kazi yake ni kumwambia dereva kona inayokuja kabla haijaonekana. Dereva husikiliza na kukanyaga. Akibishana na kiti cha pili, huishia mtaroni.

Mkunga alikuwa amekaa kiti cha pili cha mumewe tangu klabu inaanzishwa. Majina ya kona zote za Mlima aliyatoa yeye. Ya kwanza aliiita Shemeji, kwa sababu inakutania, unaiona nyepesi halafu inakugeukia. Iliyofuata ni Shangazi, ndefu, haiishi maneno. Kisha Mkwe, ambayo huingii ila umeinamisha kichwa. Ya mwisho, kikona kidogo chini ya tangi, ilikuwa Kitindamimba. Sauti yake ya kutaja kona ilikuwa ileile ya wodini, ya kumwambia mwanamke asubiri, asubiri, haya sasa. Mumewe, ambaye klabu ilimwita Bwana Kioo, alikuwa na vikombe vya ushindi vya kujaza kabati, na kila kimoja walikishika wawili.

Na kulikuwa na jambo la jina. Wake wa wanachama wengine waliitwa Mama Fulani na Mama Fulani, kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Mkunga na mumewe hawakujaliwa mtoto. Yeye aliyepokea nusu ya watoto wa mji ule hakuwa na wa kumpa jina. Lakini klabuni, kati ya wote waliokaa kiti cha pili, ni yeye peke yake aliyeitwa hivyo kama jina. "Kiti cha Pili kafika," walisema akiingia. "Muulizeni Kiti cha Pili." Alilipenda jina lile, na hakuona haya kulipenda.

Kisha aliteleza kwenye sakafu ya wodi iliyotoka kupigwa deki, akavunjika nyonga, akatiwa chuma. Mguu ulipona vizuri kwa kutembea, ila kwa kukunjika haukupona. Siku ya mazoezi alijaribu kuingia kwenye Kozi, akaingia nusu, akakwama. Walimtoa wanaume wawili, mmoja kamshika kwapani, mwingine kabeba miguu, na kila mmoja akajifanya anatazama mawingu.

Ndiyo maana siku ile ya picha, makofi yalipotulia, Mwenyekiti aliongeza la pili kwa sauti ya upole. Alisema Mama wetu amefanya kazi kubwa, sasa apumzike. Mwaka huu atasimamia chai kule juu kwenye tangi, na kiti chake atakikalia mpwa wa Mwenyekiti, msichana mwenye macho makali. Wakapiga makofi tena. Mkunga alimtazama mumewe. Bwana Kioo alitazama viatu vyake.

Maneno ya Mwenyekiti hayakumuumiza sana, kwa kuwa wakili hulipwa kwa kusema. Kilichomchoma ni vile viatu.

Siku yake ya mapumziko alichukua fimbo, akaenda kwenye duka la magari bila kumwambia mtu. Kuku alikuwa amesimama katikati ya sakafu inayong'aa, mweupe, na ndege wake mbele. Muuzaji, kijana mwenye tai, alimkimbilia, akaanza kumweleza mahali pa kuweka chupa za maziwa na mapazia ya kuzuia jua lisiwapige watoto. Akamuuliza ana watoto wangapi.

"Nimekuja kujaribu kiti," mkunga alijibu.

Alifungua mlango wa mbele upande wa abiria, akageuka, akakaa. Hivyo tu. Hakuinama wala hakushikwa kwapa, na nyonga haikusema kitu. Akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine, akafunga mlango. Kioo cha mbele kilikuwa kipana tena kiko juu, na alijua mara moja kwamba kutoka pale kona ingeonekana mapema kuliko alivyopata kuiona maishani. Akafumba macho akaanza kupanda: Shemeji, Shangazi, Mkwe. Kijana mwenye tai alisimama nje akimwangalia mama mtu mzima akiita ndugu zake ndani ya gari lililozimwa, akaona ni busara asimkatize.

Nyumbani aliliweka jambo mezani bila kuzunguka. Bwana Kioo alikuwa anakula, akaacha kula. Alisema bora apande punda.

"Punda naye ana kiti kimoja," mkewe alisema.

Akasema watu watamcheka, watasema amezeeka. Mkunga alimwambia amezeeka kweli, na Kozi wake kazeeka, maana asubuhi wanakohoa pamoja. Kwa kawaida maneno hayo yangemchekesha, kwa kuwa wawili wale waliishi kwa kutaniana, na mtani wa kweli wa mtu ni yule aliyezeeka naye. Siku hiyo hakucheka. Alizungumzia uzito wa gari, akazungumzia kimo chake, kwamba kwenye kona litalala kama kabati linalohamishwa. Akazungumzia heshima ya ndege. Mkunga aliyajibu yote. Mwishowe mumewe alisukuma sahani.

"Lile ni gari la familia, Bibie," alisema, akachukua funguo zake akaenda dukani.

Neno lile lilibaki naye mezani. Mkunga alijua kuna kitu ndani yake, kwa sababu mumewe hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki kuonekana anachechemea. Lakini alikuwa na hasira zake mwenyewe za kushughulikia, akaliacha.

Siku ya azimio chumba cha nyuma kilijaa hadi watu wakakaa juu ya matairi. Mwenyekiti alisoma maneno yake, marefu na yenye vifungu. Kisha akauliza, kwa sababu sheria ilimtaka aulize, kama yupo mwenye la kusema. Mkunga alisimama. Hakushika fimbo, alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

Aliwauliza kanuni ya klabu inasemaje. Daktari wa meno, mtu wa haki aliyekuwa akishika bendera ya kuanzishia mbio, aliitaja kwa kichwa: kila gari liwe na ndege mbele, dereva, na mtu wa kiti cha pili. Basi, mkunga alisema, ndege yupo, dereva yupo, na yeye yupo. Kanuni imetaja kiti cha pili, haikukataza cha tatu. Mwenyekiti alitabasamu, akasema kanuni ina maneno na ina roho.

"Na roho ya kozi ni kulala na njaa," aliongeza.

"Mwenyekiti, hata kozi hutaga," mkunga alisema. "Ana kiota, ana makinda, anawalisha. Au unadhani kozi wote hawa waliopo duniani waliletwa na kiwanda?"

Watu walicheka, hata waliokuwa upande wa Mwenyekiti. Mkunga akapata nguvu. Aliwaambia kwamba kila mmoja mle ndani ana mgongo, ana magoti, na siku inakuja ambayo atapiga magoti mbele ya mlango wa gari lake mwenyewe na mlango hautamhurumia. Aliwaambia wanaita uzee wa wenzao mapumziko kwa sababu hawataki kuuona. Alisema yeye hakuomba kupumzika. Chai hajui kuipika vizuri, mumewe ni shahidi. Kazi anayoijua ni kukaa pale na kusema kona, na ikiwa kiwanda kimetengeneza kiti anachoweza kukikalia, hataomba radhi kwa kukikalia.

Daktari wa meno alisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hivyo wampe huyu Kuku muda wamzoee. Wachache waliguna kukubali. Kwa muda mfupi ilionekana jambo linaweza kugeuka.

Hapo Turbo akafungua mdomo. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa mmoja wa wale ambao utani huwatoka kabla hawajautazama usoni. "Lakini Mama, nyinyi na Kuku wapi na wapi?" alisema. "Kuku bila vifaranga?"

Hakuna aliyecheka. Turbo mwenyewe alilisikia alilolisema, akafunika mdomo kwa kiganja, na kiganja hakikusaidia. Mkunga alibaki amesimama, amekishika kile kiti. Aliyeinuka ni Bwana Kioo. Wote walidhani atamkunja kijana shingo, na wapo ambao wangefurahi. Hakumkunja. Aliwapita watu wote, akasukuma mlango, akatoka, na baada ya muda wakasikia Kozi wake anawaka na kuondoka.

Kwa hiyo walipiga kura huku wanaona haya, na watu wenye haya hupiga kura haraka ili waende nyumbani. Mikono ikainuka. Mkunga hakukaa. Alimwangalia kila aliyeinua mkono, mmoja mmoja, hadi wengine wakaishusha nusu kama wanafunzi wasio na uhakika wa jibu. Daktari hakuinua wake. Turbo hakujua aufanyie nini mkono wake, akaukalia. Lakini azimio lilipita.

"Nimewaona," mkunga alisema. "Tutaonana Mlimani." Akachukua fimbo yake.

Alimkuta mumewe dukani, yuko peke yake kati ya vioo, anakata kioo ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Kikata-kioo kilikuwa kinalia juu ya kioo, naye anakisukuma pole pole kwa rula. Mkunga alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuja na maneno makali tayari mdomoni, kuhusu viatu, na kuhusu mume anayemwacha mkewe katikati ya watu. Bwana Kioo alimuwahi.

"Unajua kwa nini nilinunua gari la viti viwili?" aliuliza.

Alidhani anajua. Alisema ni kwa sababu ya mbio.

Mumewe alitikisa kichwa. Alieleza, macho kwenye kioo, kwamba walipooana alikuwa na gari la kawaida, lile la kijivu, na kila aliposimama kwenye taa mtu wa gari la pembeni alitupia jicho kiti cha nyuma. Ndugu zake walijaza magari yao watoto hadi kwenye madirisha. Kila sherehe aliambiwa apakie watoto wa wenzake, kwa kuwa yeye ana nafasi. Yeye ana nafasi, ndivyo walivyosema, na hawakuwa na nia mbaya. Kisha siku moja akaona Kozi.

"Gari la viti viwili halimuulizi mtu maswali," alisema. "Halina nyuma. Mko wawili, na limejaa. Nilijificha humo, Bibie, miaka yote hii. Nikakuficha na wewe. Sasa unataka nibebe viti vitano vitupu nivipitishe mbele ya watu."

Ghadhabu ya mkunga ilikuwa bado ipo, ila ilikuwa imepoteza mtu wa kumwangukia, na hilo ni jambo la kuchosha. Alimwonea huruma mumewe, tena sana. Na chini ya huruma alihisi kitu kigumu, kama ardhi.

"Mimi sikujificha," alisema. "Nilidhani tunaenda mbio."

Bwana Kioo aliweka chini kikata-kioo.

"Nimezalisha watoto wa mji huu hadi mikono imeota sugu," aliendelea. "Kila mama niliyempokea kaniuliza, dada, wewe unao wangapi? Na kila mmoja nimemjibu, sina, haya sukuma. Sijawahi kutazama viatu. Wakiuliza, tutajibu. Ninachotaka ni kiti changu. Hivyo vingine vitano ni shauri la kiwanda."

Mumewe alicheka. Hakuwa amekusudia, kicheko kilimtoka tu, halafu akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la kioo, akaambiwa aache ujinga atajikata. Kesho yake alimpeleka Kozi wake kwenye duka la magari kumbadilisha. Alimpapasa yule ndege kichwani kabla ya kutoa funguo, na kijana mwenye tai, ambaye alikuwa ameanza kuwazoea, alijishughulisha na kalamu hadi alipomaliza.

Asubuhi ya Mlima palikuwa na ukungu mwembamba uliokwisha mapema. Askari wa manispaa kwenye kizuizi alikuwa ameambiwa apitishe magari yenye ndege. Akamwona Kuku anakuja, akainama kutazama boneti, akamwona ndege, akainua mti. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za maazimio.

Kozi wote walikuwa wamekwisha kupanda. Pale chini alibaki Daktari wa meno na bendera yake, pamoja na mpwa wa Mwenyekiti, yule msichana mwenye macho makali, aliyekosa gari la kupanda. Msichana alimwamkia mkunga shikamoo dirishani, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba yeye kile kiti hakukiomba. Mkunga alimjibu marahaba, akamwambia anajua.

Daktari alikuja upande wa pili, amekunja uso. Alisema roho yake iko nao, lakini azimio ni azimio, na bendera hawezi kuishusha.

"Usiishushe, Daktari," mkunga alisema. "Iinue tu. Mkono ukichoka utashuka wenyewe."

Daktari alimtazama, akatazama mlima, akaenda mbele ya gari akainua bendera juu kabisa. Akaishikilia hapo. Mabega yalianza kumtikisika, na haikujulikana ni uchovu au kicheko. Kisha mkono ukashuka.

Kuku aliondoka kwa adabu, bila ule mngurumo wa kuamsha mtaa, na Bwana Kioo akalaani kimoyomoyo. Kisha mguu wake ukazama, na gari likakaza. "Shemeji anakuja, kulia," mkewe alisema, "usimchekee." Wakampita. "Shangazi, kushoto, mrefu, msikilize hadi amalize." Gari lililala kama lilivyotabiriwa, kabati zima likaegemea upande mmoja, lakini magurudumu yalishika. Mkunga alihisi mikanda ikimbana kifuani na hakutaka kuwa mahali pengine popote duniani.

Kwa Mkwe alikosea. Alimtaja pale alipokuwa akimtaja siku zote, kwenye jiwe lenye chokaa, na gari lile zito halikuwa na muda wa kuinamisha kichwa. Bwana Kioo alikanyaga breki, gari likaendelea na safari yake, na ukingo wa barabara ukaja karibu hadi mkunga akaona majani yaliyoota mtaroni. Kokoto zilipiga chini ya gari. Mumewe alilirudisha kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao kwenye Mlima alipunguza mwendo akageuka kumtazama.

"Tusimame?" aliuliza.

"Hili linataka kuambiwa mapema," mkunga alisema. "Kosa langu. Tazama barabara, Mzee. Kulia, ndefu, sasa."

Hakusema tena kwa mazoea. Alisema kwa kile alichokiona kutoka juu pale, mbali zaidi, kila kona kabla ya wakati wake wa zamani, na mumewe akaipokea kila moja bila swali. Wakapanda. Kitindamimba walimpita taratibu, na tangi la maji likatokea mbele yao.

Klabu nzima ilikuwa pale, imesimama kati ya magari yake ya chini, vikombe vya chai mikononi. Hakuna aliyekuwa ameanzisha saa kwa ajili yao, na hakuna aliyeuliza. Kuku alisimama, akawa mrefu kuliko magari yote. Mkunga alifungua mlango wake, akashuka kwa miguu yake mwenyewe, wima, na fimbo aliiacha ndani.

Watu walisogea kidogo kidogo, kama watu wanaojifanya wanapita. Turbo alikuwa wa kwanza kufika, akasimama mbele ya mkunga, akashindwa kuanza kuomba radhi. Mkunga alimgusa bega akampita. Mwenyekiti alikuja nyuma yake. Hakuwa mkali. Alikuwa amewaona wakitokea kwenye kona ya mwisho, na yeye mwenyewe aliyajua magari. Alizunguka, akapiga bodi kwa kidole, akasema ni chombo kizuri, hawezi kukataa. Halafu akatikisa kichwa kwa ule upole wake.

"Lakini viti vyote hivi, jamani," alisema. "Kwa watu wawili tu?"

Bwana Kioo alikuwa amezunguka gari, amekuja kusimama ubavuni kwa mkewe. Mkunga alinyoosha mkono ashike kitasa cha mlango wa nyuma, na mkono wa mumewe ukawahi. Yeye ndiye aliyeuvuta. Mlango uliteleza wote hadi mwisho, na jua likaingia ndani juu ya viti vitano vipya ambavyo havijakaliwa na mtu.

"Vitazame, Mwenyekiti," Bwana Kioo alisema. "Njooni wote mtazame vizuri, ili msiulize tena. Ni vitupu. Vimekuwa vitupu tangu tuoane, na Mlima tumepanda."